Mlindazizi wa Mahame Matatu

Jumatano, 4 Juni

Bila mimi, sayansi ya nchi hii ingesimama. Sisemi kwa kujisifu. Nimeangalia kila upande na nimeona ndivyo ilivyo.

Nimeamka, nimeswali, nimekunywa chai ya tangawizi na mahamri mawili. Manne.

Umazi kapiga simu. Huyu ni binti wa marehemu dada yangu Mejumaa, anasomea shahada ya pili. Anasoma kichaka. Kichaka kimoja tu, mwaka wa pili huu. Ni mlindazizi wetu wa nyika, ule wenye miiba myembamba na majani madogo kama punje za mchele. Vitabuni una jina refu ambalo hata yeye hulitamka akiwa amevuta pumzi kwanza. Anasema unakaribia kwisha duniani. Umebaki huku nyika ya Kwale, sehemu chache, na hakuna aliyeandika ziko wapi. Anataka mtu wa kumwonyesha.

Nani mwingine? Nimezaliwa ndani ya nyika ile. Simba alinipisha njia mara mbili.

Nimeomba ruhusa kazini. Nimemwambia Mutiso, mwenzangu wa zamu getini kule Diani, kwamba chuo kikuu kimeniita. Kacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Mzee Nyawa, hizo ni stori za jaba." Mtu wa bara, jaba kwao ni miraa. Nimemsamehe.

Daftari hili kanipa Umazi. Kasema kila anayefanya kazi ya porini huandika siku yake. Basi naandika. Niliacha shule darasa la sita, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa akiwaonyesha wengine.

Jumamosi, 7 Juni

Hame la kwanza, mbele ya Kinango. Saa tatu asubuhi jua lilikuwa limeshapanda kichwani. Hapo zamani palikuwa na mji wa watu. Sasa hakuna nyumba. Vigae, jiwe la kusagia lililopasuka, na milindazizi thelathini na kitu, mingine mirefu kunishinda.

Kazi yenyewe iko hivi. Umazi hukata majani matano ya kichaka kimoja, huyatia katika bahasha yenye chembechembe za kunyonya unyevu, huandika namba. Kichaka namba moja, bahasha namba moja. Kisha kichaka kingine. Hana haraka. Mama yake alikuwa hivyo hivyo, akichambua mchele unaweza kulala ukaamka.

Ndani ya jani kuna vinasaba, anasema. Urithi wa ukoo, umeandikwa mle, na mashine zao zinausoma. Anatafuta tofauti. Vichaka vikiwa na tofauti nyingi, ukija ukame au ugonjwa, vingine vitakufa na vingine vitapona. Vikiwa vyote sawa, kinachoua kimoja kitaviua vyote. Nikamwambia hayo nilikuwa nayajua tangu utotoni ila sikuwa na mashine.

Nimebeba bahasha, nimebeba maji, nimeongoza njia. Nimemsimulia chui niliyemfukuza kwa kandambili. Alicheka. Akicheka ana meno ya dada.

Kisha akauliza: "Mjomba, hii kuna mtu aliyeipanda?"

Nikasema: "Mwanangu, hii ilipandwa na Mungu. Mimi niliigundua tu."

Akaandika. Nikaona jina langu kwenye karatasi zake.

Daftari halina mdomo, kwa hivyo naandika. Pale palikuwa mji wa bibi yangu. Ile ilikuwa ua wa zizi. Watu wetu walipohama walikata matawi ya ua wa zamani, wakayafunga kwenye gunia bichi, wakayabeba kichwani, wakayachomeka kwenye zizi jipya kabla mbuzi hawajaingia. Mbuzi wakinusa harufu ya nyumbani hawarudi kulala kule walikotoka. Ndiyo sababu ya jina lake. Tulihama mara mbili na ua wetu, kisha hata hame la tatu tukaliacha, na yote matatu yana mlindazizi.

Sikumwambia. Ua wa mbuzi una sifa gani mbele ya msomi? Tena watu wote, hata mke wangu Mwanasiti, wanajua babu yangu alikuwa na msitu wake. Wanajua kwa sababu niliwaambia. Hakuwa na msitu. Alichunga mbuzi wa watu, na maji yakikauka tulifungasha.

Habari ndogo. Haimdhuru mtu.

Jumapili, 8 Juni

Hame la pili, hame la tatu. Nusu siku ya mguu kutoka moja hadi jingine, kwa hivyo tumepanda bodaboda na kumalizia kwa miguu. Bahasha tisini jumla. Miguu inawaka.

Umazi kashangaa kitu. Maua kibao, nyuki wamejaa, lakini tunda hakuna hata moja. Chini hakuna mche. Kauliza kwa nini. Nikasema kuna jini wa kike anayekula matunda. Hiyo hakuiandika.

Jioni tukaishia kilimani, upande wa Mackinnon Road, malori yanasikika kwa mbali. Kule milindazizi imetawanyika ovyo, na ina matunda, mekundu, madogo kama shanga. Umazi alipiga makofi kama mtoto. Bahasha thelathini nyingine.

Wazee wa kule wametupa maziwa ya mgando. Nimewaambia mimi ni mkuu wa msafara.

Jumatatu, 9 Juni

Zamu ya mchana. Nimemweleza Mutiso vinasaba tangu saa moja hadi saa sita. Kaomba kubadilishwa lango.

Jumanne, 22 Julai

Umazi kapiga simu. Analia. Sijamsikia akilia tangu siku ya mazishi ya mama yake.

Majibu yametoka. Vile vya kilimani vyote tofauti, kila kimoja na vinasaba vyake. Bahasha tisini za mahame matatu zimesoma sawasawa. Si ndugu. Si pacha. Kichaka kimoja. Mashine inasema amekata majani ya kichaka kimoja.

Na profesa wake anasema hivyo hivyo. Kwamba Umazi alisimama kivulini mahali pamoja, akajaza bahasha tisini, akaandika namba za uongo.

Nilikuwepo. Nilizibeba bahasha zile mwenyewe.

Nimesema pole. Nimesema mashine za siku hizi hazifai. Nimesema mtandao unakata.

Mtandao haukuwa unakata.

Jumatano, 23 Julai

Kazini. Mutiso kauliza vinasaba vinaendeleaje. Nikaenda kufungua lango, hakukuwa na gari. Kaniletea soda bila kuombwa.

Ijumaa, 25 Julai

Nimetoka msikitini nikamkuta Umazi nyumbani Munje, amekaa mkekani na Mwanasiti. Shikamoo yake imetoka kama ya mgonjwa. Amekonda. Amekuja, anasema, apumzike kabla ya kikao. Kikao ni wiki ijayo, baada ya profesa kuamua. Wakisema amedanganya, anafukuzwa. Miaka yote imekwenda, na jina litamfuata kila atakakoomba kazi.

Nikauliza kwani haiwezekani vichaka vikafanana tu. Bora nisingeuliza. Kanieleza taratibu, na kila neno lilikuwa msumari.

Kichaka kinaweza kujizaa chenyewe kwa tawi au mzizi, kikawa vingi na bado ni kimoja. Hilo profesa analijua. Ndiyo maana hata tunda hakuna: ua linataka chavua ya kichaka kigeni, na pale hakuna mgeni, wote ni yeye yule. Lakini mzizi hautembei nusu ya siku ukaota hame la pili, kisha la tatu. Lazima mtu abebe. Na Umazi ameandika kwamba mwenyeji wa kuaminika amethibitisha hakuna aliyepanda.

Mwenyeji wa kuaminika ni mimi.

Profesa kamwambia: "Ama huyo mwenyeji anadanganya, ama wewe." Naye kamjibu: "Mjomba wangu hadanganyi kwenye kazi."

Kisha akanigeukia. "Mjomba, hakuna lolote ulilosahau?"

Mdomo ulifunguka. Ukatoa jini. Jini wa kike, safari hii na watoto wake, anayelamba majani mpaka yakafanana ladha. Mwanasiti aliinama kuchochea mkaa. Umazi alitabasamu kidogo, kama mtu anayemtabasamia mgonjwa, akaingia ndani.

Najichukia.

Jumamosi, 26 Julai

Niliamka nimeazimia kusema. Nikaenda kurekebisha paa la banda la kuku. Halikuwa bovu.

Jumapili, 27 Julai

Mwanasiti, mezani, mbele ya wali wa nazi: "Bwana Nyawa, siku ya pili leo hujasema uongo. Nikuitie daktari?"

Umazi alicheka. Mimi nikaongeza wali ambao sikuutaka.

Nimefikiri sana. Nikisema, msitu wa babu umekwenda. Ugunduzi umekwenda. Mutiso atajua, Munje itajua, kila nilichowahi kusimulia kitapimwa upya, hata yale ya kweli, ambayo yapo. Nisiposema, mtoto wa Mejumaa anafukuzwa kwa uongo wangu huku ananitetea.

Mtu mwingine angeamua kwa dakika moja. Mimi nimechukua siku tano. Niandike hivyo hivyo.

Jumatatu, 28 Julai

Nimesema.

Alikuwa anamenya muhogo uani. Nikakaa kwenye kigoda. Nikasema msitu haukuwepo. Nikasema zizi, gunia bichi, matawi, mbuzi kunusa nyumbani. Nikasema tulihama mara mbili kwa njaa, si kwa utajiri. Kisu chake kilisimama katikati ya muhogo.

Nilitarajia anitukane. Ningempa haki yake. Badala yake akauliza: "Nani alivichomeka?"

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza, au kusema tu ilivyokuwa. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho yale. Nikajibu: "Mimi. Vyote. Kwa mikono hii."

Akainuka, akazunguka uani, akashika kichwa, akarudi. "Mjomba, unajua ulichofanya? Ungeniambia Juni!" Alipiga kelele, jirani akachungulia. Kisha akakaa chini, akaanza kucheka na kulia pamoja, akaomba simu yangu ampigie profesa, kwa kuwa yake ilikuwa haina chaji.

Mwanasiti alisikia yote kupitia dirisha. Kasema: "Kumbe babu alikuwa mchungaji. Babu yangu pia." Miaka ishirini na sita ya ndoa. Hakuwahi kuniambia. Sikuwahi kumuuliza, nilikuwa nasimulia msitu.

Alhamisi, 31 Julai

Profesa amekuja mwenyewe. Mwanamke mfupi, viatu vya kazi, haongei ovyo. Nilimwogopa kuliko yule chui.

Hakutaka maneno. Alitaka kuona. Tukapanda gari lake pamoja na Umazi, nikampeleka hame la kwanza, nikasimama katikati ya vichaka. Miaka yote hii sikuwahi kusimama pale. Ukiwa nje unaona pori. Ukiwa katikati unaona duara. Kichaka, hatua moja, kichaka, hatua moja, vimezunguka kama bangili, na mahali pamoja pana uwazi wa kupita mbuzi wawili sambamba. Mlango. Nikamwonyesha. Nikamwonyesha na jiwe la kufungia dume.

Alizunguka duara lote kwa miguu, akihesabu. Hame la pili, duara. La tatu, duara, dogo kidogo, mbuzi walikuwa wamepungua. Tulipofika kilimani hakukuwa na duara lolote, mlindazizi umeota unapotaka wenyewe. Hapo akavua kofia.

Alimwomba Umazi radhi mbele yangu na mbele ya dereva. Akasema hakuna kikao. Umazi alimwamkia tena, sijui kwa nini, nadhani alikosa neno jingine.

Kisha zamu yangu. Profesa alifungua daftari lake.

"Ulikuwa na umri gani mlipohamia hame la tatu?"

"Saba."

"Na la pili?"

Nikapiga hesabu. "Mitatu."

"Ukachomeka ua mzima?"

"Nilikuwa na nguvu sana."

Aliandika. Umazi alinitazama kwa pembe ya jicho.

Habari njema niliyoisikia nikiwa nimesimama pembeni: mvua za vuli zikianza wataleta miche ya kilimani waipande kati ya ile ya mahame. Ua lipate mgeni. Huenda baada ya mwaka mmoja au miwili tukaona tunda pale kwa bibi, ambalo hata bibi hakuwahi kuliona. Na Umazi anasema kazi yake sasa ni nzuri kuliko mwanzo: si kichaka tu, ni kichaka na watu walivyokibeba. Sura nzima. Itakuwa na jina la aliyepanda.

Jumamosi, 9 Agosti

Mawingu. Upepo baridi. Sikwenda kazini.

Umazi kapiga simu asubuhi. Anaandika ile sura. Alitaka kujua jina langu kamili, lipi litangulie la babu au la baba, aliweke hapo: alipanda fulani.

Nikamwambia asiandike langu. Aandike Mejumaa.

Nikasikia kalamu ikiwekwa mezani.

Nikamwambia ni mama yake. Alikuwa na miaka minane mara ya kwanza, kumi na miwili mara ya pili. Bibi alikuwa amechoka, alikaa na kuelekeza kwa fimbo. Mejumaa ndiye aliyebeba gunia, maji yakimchuruzika mgongoni. Ndiye aliyepima hatua. Alikuwa akichomeka tawi, anakanyaga udongo kwa kisigino mara mbili, anasonga. Tangu asubuhi hadi mbuzi waliporudi. Hakuna aliyemsifu, ilikuwa kazi ya msichana.

Umazi akasema kwa sauti ndogo kwamba siku zote zile alikuwa anakata majani ya mama yake. Nikasema ndiyo. Akauliza, kisigino kipi? Nikafumba macho. Cha kulia, nikamwambia. Hilo sikulibuni.

Akauliza: "Na wewe mjomba, ulikuwa wapi?"

Nikasema nilisaidia saidia.

Mara ya kwanza nilikuwa mgongoni kwa mama, nimelala. Mara ya pili nililia mpaka dada akanipa tawi moja, moja tu, nichomeke karibu na mlango. Nilichomeka kwa nguvu zangu zote. Nikalimwagia maji kila siku, nikawakataza mbuzi wasilisogelee, nikawatangazia watoto wote kwamba langu litakuwa refu kuliko yote. Likakauka. Bibi alipoling'oa ndipo tukaona. Nilikuwa nimelichomeka kichwa chini.